Salamu Yenye Bajeti: Mambo 10 ya Ruzuku Ndogo za Ubalozi, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Tangazo huingia usiku, kwenye kundi la WhatsApp la wanaasasi, likiwa limeshatumwa na kutumwa tena mpaka halijulikani lilikotoka. "FURSA! FURSA!" Halafu vialama vya moto vitatu, halafu faili la kurasa nyingi kwa Kiingereza: Ubalozi wa Marekani unakaribisha maandiko ya miradi midogo ya diplomasia ya umma. Kesho yake, kuanzia Tandahimba hadi Tarime, kila katibu wa asasi ameamka na mradi ambao jana hakuwa nao.

Mimi ni katibu wa aina hiyo. Asasi yetu ni ya vijana, na mali yake ni laptopu moja, muhuri mmoja na mwenyekiti anayepatikana akipenda. Ruzuku hizi tumezikosa mara nyingi kuliko tulivyozipata, na kukosa nako ni shule, ada yake ni bando. Haya kumi ndiyo niliyoyaokota njiani, kuanzia jepesi mpaka zito.

10. "Ndogo" ni neno lenye wenyewe

Matangazo ya namna hii huzungumzia dola elfu chache hadi makumi ya maelfu. Kwa Washington hiyo ni chenji iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Kwetu sisi ndiyo mara ya kwanza mwenyekiti kuhudhuria vikao vitatu mfululizo.

Jina la kitu chenyewe, diplomasia ya umma, lilipewa maana yake ya leo mwaka 1965 na Edmund Gullion, mkuu wa Fletcher School pale Chuo Kikuu cha Tufts, ambaye kabla ya hapo alikuwa balozi wa Marekani nchini Kongo. Maana yake ni nyepesi: serikali moja inaruka ukuta wa serikali nyingine na kwenda kuzungumza na wananchi wenyewe. Marekani ilikuwa na shirika zima la kazi hiyo, USIA, lililoanzishwa 1953. Wazee wetu wa mjini walilijua kwa jina la USIS, na waliokuwa wanafunzi wakati huo bado wanazisimulia maktaba zake. Oktoba 1999 likavunjwa, kazi ikahamia Wizara ya Mambo ya Nje.

Ukilishika hilo umeshika nusu ya andiko. Hii si sadaka, wala si msaada wa maendeleo. Ni salamu, ila imekuja na bajeti. Na salamu kwa Mswahili haipiti hivihivi, inasubiri kiitikio.

9. Huitwi kwa jina, unaitwa kwa namba

Kabla ya kuandika neno moja la maana, asasi lazima iwe na UEI, utambulisho wa herufi na tarakimu 12 unaotolewa na mfumo wa serikali ya Marekani uitwao SAM. Mpaka Aprili 2022 ilikuwa DUNS, yenye tarakimu tisa. Watu walipoanza kuikariri, ikabadilishwa.

Kwa miaka mingi asasi iliyo nje ya Marekani iliongezewa na NCAGE, msimbo wa kambi ya NATO. Naam, NATO. Kikundi cha ngonjera cha shule ya kata kiliweza kujikuta kwenye orodha moja na wauza vipuri vya vifaru.

Kisha mfumo unauliza mtaa na namba ya nyumba. Sisi tuko nyuma ya mashine ya kusaga, mkabala na mnara wa simu, ulizia kwa fundi baiskeli. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitukomboa kwa kutubandikia kibao, lakini cheti cha usajili kilikuwa na S.L.P. peke yake, na benki ilikuwa imetuandika kwa herufi moja pungufu. Mfumo haujui ubinadamu. Herufi moja ikipungua, wewe ni mtu mwingine.

Jambo moja ulishike kwa mikono miwili: usajili huo ni bure. Akija mtu na tai anataka laki tatu "akuharakishie namba", mpe chai. Hela usimpe. Na kumbuka kuhuisha kila mwaka, maana namba iliyolala siku ya kuomba ni sawa na kutokuwa nayo.

8. Saa 11:59 si saa kumi na moja

Mwisho wa kupokea maandiko: 11:59 p.m. Mwenzetu mmoja, mtu makini, msomi wa shahada, akaisoma kama bibi yake alivyomfundisha kusoma saa: saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa. Akakesha. Akasahihisha. Akaweka jedwali. Alfajiri, muadhini akijiandaa, akabonyeza kutuma kwa madaha, dakika tatu kabla ya wakati.

Wakati wenyewe ulikuwa saa tano na dakika hamsini na tisa usiku. Alichelewa kwa saa sita kasoro dakika tatu, na mpaka leo anaapa kwamba waliokosea ni wao. Jua huchomoza, siku huanza, saa inakuwa moja: hilo nani asiyelijua?

7. Kisima hakimo

Mwenyekiti alipofika kwenye orodha ya yasiyolipiwa alivua miwani. Siasa za vyama, hapana. Ujenzi, hapana. Shughuli za kidini, hapana. Utafiti wa kisayansi, harambee, kampeni ya kushawishi sheria ipitishwe, mradi wa kuikuza asasi yenyewe: hapana, hapana, hapana. Halafu ule mstari unaomwacha kila mtu mdomo wazi: shughuli za hisani au za maendeleo, nazo hapana.

"Sasa hawa wanalipia nini?"

Wanalipia watu kukutana, mwenyekiti. Midahalo, maonyesho ya sanaa, mafunzo ya Kiingereza, warsha ya waandishi wa habari, vijana wajasiriamali, waliowahi kusoma Marekani kurudi kufundisha wenzao. Kumwomba afisa wa utamaduni kisima ni kama kumwomba kinyozi akushonee suruali. Mkasi anao, lakini si kwa kazi hiyo.

Wa kisima wana milango yao. Ndani ya ubalozi uleule kumekuwa na mfuko wa balozi wa miradi ya kujitegemea, ulioanzia Togo mwaka 1964. Japani ina Kusanone tangu 1989, nayo inajenga kwelikweli: madarasa, mabweni, zahanati, maji. Kanada, Australia na Finland nazo zina mifuko midogo inayopitia balozi zao. Na mwenye magofu ana mlango wake pia: Mfuko wa Balozi wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa 2001. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014, ni miongoni mwa zilizopata mkono wake. Misikiti na majumba ya kale kufufuliwa kwa jina la balozi: wafanyabiashara wa dhahabu wa enzi ya msafiri Ibn Battuta wangeielewa vizuri sana diplomasia ya namna hiyo.

6. Umuweke Mmarekani mahali

Kila andiko lazima lionyeshe uhusiano na Marekani: mtaalamu, taasisi, chuo, historia, chochote. Hapa ndipo ubunifu wa Kitanzania unapojidhihirisha. Mwenyekiti alipendekeza siku ya kufunga mafunzo tule baga.

Wenyewe walishaonyesha namna ya kulifanya jambo hili kwa uzito. Oktoba 1960, Kongo ikiwa imepamba moto, Louis Armstrong aliingia Léopoldville na tarumbeta lake, ziara ikiwa na mkono wa Wizara ya Mambo ya Nje, na watu wakambeba juu juu kwenye kiti kama chifu. Mwanamuziki mweusi kutoka nchi ambako bado alikuwa anabaguliwa hotelini: salamu ile ilikuwa na utamu na uchungu wake, na waliompokea hawakuwa vipofu.

Sisi hatukuwa na Armstrong. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Ohio, kwa njia ya video, mbele ya wanafunzi 60. Dakika ya nne mtandao ukagoma, akaganda mdomo wazi, ulimi umegusa meno ya juu. Wanafunzi wakasubiri kwa adabu. Baada ya dakika mbili mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Labda ndiyo matamshi yenyewe." Wakaanza kumwiga.

5. Bajeti ni insha yenye tarakimu

Mwombaji mgeni huandika maelezo kwa moyo wote, halafu bajeti anaipiga usiku wa mwisho. Kinyume chake ndiyo sawa. Afisa anayepitia maandiko ameshakutana na "kuwawezesha vijana" mpaka maneno hayo hayamwingii tena. Kwenye jedwali ndipo anapokuona ulivyo.

Ana sheria zake, na hazina utani. Pombe haiingii, hata kama mgeni rasmi ana kiu. Tiketi ya ndege inayolipwa kwa fedha yao ifuate ndege za Kimarekani inapowezekana, kwa hiyo usikimbilie ile nafuu uliyoizoea. Gharama za kuendesha ofisi, yaani umeme, pango na mhasibu asiyelala, kwa asasi isiyo na kiwango maalumu zilikuwa asilimia 10 tu. Tangu Oktoba 2024 kiwango kikapanda hadi 15. Ndiyo nyongeza pekee ya mshahara ambayo mhasibu wetu aliisoma kwenye kanuni za nchi nyingine.

Usisahau na za kwetu. Kwa kanuni za 2018, asasi ya Tanzania ikisaini mkataba wa fedha inayozidi shilingi milioni 20, ndani ya siku kumi uwe umeupeleka kwa Msajili na Hazina. Salamu imetoka ng'ambo, lakini mlangoni kuna mwenye nyumba, na anataka kujua mgeni kaleta nini.

Posho? Posho ni suala la falsafa. Mshiriki wa Dar huuliza mada ni nini. Mshiriki mzoefu huuliza nauli ni ngapi, na jibu likiwa zuri, mada yoyote itamfaa.

4. Risiti ya pilau

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipokaribia kufa.

Mafunzo ya midahalo, siku ya kwanza. Sahani 42 za pilau, shilingi 3,000 kila moja, jumla 126,000. Mpishi ni mama lishe wa jirani na shule, ambaye pilau lake lina mdalasini wa kutosha na kachumbari isiyo na uchoyo. Tukala, tukashiba, tukalipa. Akatupa risiti: kipande cha boksi la majani ya chai, kwa kalamu ya mkaa, "Nimepokea zote. Mama wa pilau."

Mhasibu akakishika kile kipande kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mjusi. "Hiki siwezi kukipeleka ubalozini."

Nikarudi kwa mama. Biashara yake haijafikia kiwango cha mashine ya risiti ya EFD, na vitabu hakuwa navyo. Nikamwamkia, nikamweleza kwa utaratibu.

"Mwanangu, pilau mlikula?"

"Tulikula, mama."

"Mlishiba?"

"Tulishiba sana."

"Sasa karatasi ya nini tena? Mnataka kula mara ya pili?"

Nikamweleza kwamba kuna mtu Marekani ambaye hakula, na atataka kujua. Akanitazama kwa huruma. "Masikini. Mwambie aje." Kwa sentensi hiyo moja alikuwa ameielewa diplomasia ya umma kuliko sisi tulioiandikia kurasa 20.

Tukanunua kitabu cha risiti chenye nakala. Tukamchongesha muhuri. Fundi akauliza uandikwe nini. Mama akasema jina la biashara, namba ya simu, na katikati achore sufuria lenye mfuniko. Fundi akasema mfuniko ni bei ya ziada. Mama akalipa mwenyewe, kwa hela yake, na hiyo ndiyo gharama pekee ya mradi ule ambayo haikuhitaji maelezo.

3. Bango, na nyota zilizopungua

Fedha ya Wamarekani inakuja na bendera yao. Bendera ikae kwenye bango, kwenye vyeti, kwenye vipeperushi. Wajapani nao hubandika alama yao kwenye gari na kuta walizozilipia. Hakuna wa kumlaumu mwenzake: hata sisi harusini, aliyechangia ng'ombe husomwa kwa kipaza sauti.

Tukampa kazi mchora mabango wa mtaani, fundi wa brashi, mtu wa kazi safi kabisa. Siku ya ufunguzi bango likatundikwa kati ya miembe miwili. Zuri. Herufi zimenyooka. Nikaanza kuhesabu nyota, sijui kwa nini. Labda ni ugonjwa wa ukatibu. Thelathini na nane.

"Fundi, nyota ni hamsini."

"Nilijua. Hazikuenea. Nikapunguza za pembeni, zile zisizoonekana sana."

Majimbo kumi na mawili yakatoweka kwa ajili ya nafasi. Gari la ubalozi lilikuwa limeshakata kona. Afisa akashuka, akasalimia kwa Kiswahili cha darasani, akasimama mbele ya bango, akapigwa picha. Hakuhesabu, au alihesabu akastahi. Baadaye nilisoma kwamba bendera ya nyota 38 ilikuwa halali kabisa kati ya 1877 na 1890. Kwa hiyo bango letu halikukosewa. Lilichelewa tu.

2. Ripoti, au namna ya kuhesabu kicheko

Mradi umekwisha, viti vimerudishwa, sasa unaanza mradi wa pili: kusimulia wa kwanza. Washiriki wangapi? 60. Wasichana? 31. Waliopata vyeti? 58, wawili walifuata mpira. Walioongezeka kujiamini? Hapo kalamu inasimama.

Tulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili ambaye siku tatu alikaa nyuma, karibu na mlango, tayari kukimbia. Siku ya nne mada ilikuwa kama simu ziruhusiwe shuleni. Akasimama, akasema kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika kwamba kwao simu ni moja, ya baba, na hapo ndipo mama anaposomewa ujumbe wake kabla hajausoma. Darasa likanyamaza. Halafu upande wa upinzani, uliotakiwa kumjibu, ukampigia makofi na kupoteza alama.

Jambo hilo unaliweka kwenye safu ipi? Fomu ina "matokeo tarajiwa" na "matokeo yaliyofikiwa". Haina "tulinyamaza". Nililiandika mwishoni, kwenye nafasi ya maoni ya ziada, aya moja. Wiki mbili baadaye afisa akaandika barua pepe fupi: takwimu zimepokelewa, na ile aya ya mwisho ameisoma kwa wenzake kikaoni. Ndipo nikajua kiitikio cha salamu kilikuwa ni kipi. Kurasa 19 za mwanzo zilikuwa za mkaguzi. Wao walikuwa wanaisubiri ya 20.

Ushauri wangu wa bure kwa mwandika ripoti: namba zake zitimie, usidanganye hata moja, halafu mahali fulani uweke mtu mmoja anayepumua.

1. Siku salamu inapokatika

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ikapitiwe upya. Februari, hata fedha za Wizara yao ya Mambo ya Nje za mabadilishano ya elimu na utamaduni zikazuiwa kwa muda. Ilipofika Julai mosi, shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa na mabaki yake kuingizwa wizarani. Waliokuwa wakitegemea fedha kubwa, za dawa na za chakula, waliumia kwa namna ambayo haina utani, na hapa sitautafuta.

Sisi wa ruzuku ndogo tulijifunza somo la ukubwa wetu. Kwenye kundi la WhatsApp hakukuwa na FURSA, hakukuwa na moto. Mwenyekiti akapotea tena. Wahenga walishasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawakubagua ndugu wa karibu na wa ng'ambo. Salamu ni ya anayeitoa. Anaweza kuamka siku moja akapita bila kukuangalia, nawe huna pa kumshitaki.

Lakini kukatika kwa salamu hakufuti mazungumzo yaliyokwishafanyika. Hili ndilo nililoweka namba moja, na ningependa wanaoandika maandiko walipime kabla hawajabonyeza kutuma: fedha ikizimika kesho, kipi kitaendelea bila kuomba ruhusa? Kama jibu ni hakuna, huo haukuwa mradi, ilikuwa ziara.

Kwetu majibu yalikuwa mawili. Alhamisi jioni mwalimu bado anafungua darasa, kwa sababu ufunguo ni wake na mdahalo hauli umeme. Yule binti wa karibu na mlango sasa ndiye mtunza muda, na hana huruma.

La pili nililikuta kwa bahati, msimu wa mvua, nilipopita kwa mama lishe. Juu ya jiko lake, limefungwa kamba pembe nne, ni bango letu. Turubai la maana lile, halivuji. Chini yake madereva bodaboda wanakula pilau, na nyota 38 zinafuka moshi juu ya vichwa vyao. Nilimuuliza kama watu huuliza bendera ya nani. "Wanauliza," akasema. "Nawaambia ni ya wageni waliotaka risiti."

Nikala, nikashiba, nikampa 3,000. Akajifuta mikono kwenye khanga, akafungua kitabu, akaniandikia, akanigongea muhuri wenye sufuria na mfuniko wake. Sikuwa nimemwomba.